Nyigu Hutaka Mdudu Mnene



Siku moja ya soko, mama mmoja mkulima wa upande wa Mathira alifika ofisini petu akiwa amefunga tawi la mbuni katika gazeti kuukuu. Alilifungua juu ya meza yangu, akasema, "Mwanangu, niandikie jina la dawa kali. Kahawa yangu inaliwa na wadudu weupe."

Nikalitazama tawi lile. Kwenye mafundo ya majani na matunda walikaa wale wadudu wenye unga mweupe, waitwao vidung'ata, ambao hufyonza utomvu wa mti. Wengine walikuwa wakubwa na hai. Lakini kati yao walikuwako wengine wa rangi ya kahawia, wagumu kama maganda, na kila mmoja alikuwa na tundu dogo la mviringo mgongoni.

Nikamwambia, "Mama, hawa wa kahawia wamekufa tayari. Wameuawa na askari usiowalipa mshahara."

Akauliza, "Na hawa weupe walionenepa?"

Nikajibu, "Baadhi ya hao ndimo watokamo askari wa mwezi ujao."

Mama yule alinitazama kama mtu aliyemkuta karani amelewa saa nne za asubuhi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, miaka michache iliyopita, niliona wadudu hao katika mibuni yangu michache kule Tetu, nikapuliza dawa kali mara tatu bila kutazama vizuri. Kwa siku chache shamba lilionekana safi. Kisha vidung'ata wakarudi wengi kuliko mwanzo, nami nikabaki na deni la dawa. Kosa hilo lilikuwa langu, wala simsingizii mtu. Ndilo lililonifanya nisome habari ninazowaletea leo, na kuwa na maoni ambayo nataka kuyasema waziwazi.

Kwanza tuwajue askari wenyewe. Ni nyigu, lakini si yule nyigu wa paani aumaye watoto. Hawa ni wadogo sana, wengine hawafiki urefu wa punje ya wimbi, wala hawamdhuru mtu. Jike humtafuta mdudu mharibifu, humchoma, na kutaga yai ndani ya mwili wake. Yai huanguliwa, na buu hula mdudu yule kutoka ndani mpaka afe. Baadaye nyigu mpya hutoboa tundu na kutoka. Hilo ndilo tundu nililomwonyesha mama yule.

Nchi yetu ina kisa maarufu cha kazi hii. Mnamo mwaka 1923 vidung'ata walianza kuleta hasara kubwa katika kahawa ya upande wa Thika. Wakaenea katika nyanda za juu mashariki ya Bonde la Ufa, wakashambulia si kahawa tu, bali pia vyakula vya wananchi, kama viazi vikuu na mbaazi. Wataalamu walileta wadudu wasaidizi kutoka nchi za mbali, hata Asia na Marekani, lakini kazi haikufanikiwa. Sababu ni kwamba walikuwa wamelikosea jina la mdudu. Walidhani ni yule wa nchi za ng'ambo, kumbe ni mwingine kabisa. Mwaka 1935 Bwana R. H. Le Pelley alimtambua kuwa aina mpya, akampa jina la nchi yetu, kenyae. Hapo ikajulikana kwamba kwao ni Uganda, na mwaka 1938 nyigu wa jamii ya Anagyrus waliletwa kutoka huko wakaachiliwa. Vidung'ata wakapungua sana. Hesabu iliyofanywa kufikia mwaka 1959 ilionyesha ya kuwa kazi yote iligharimu yapata pauni 30,000, na hasara iliyozuiwa ilikadiriwa kuwa pauni milioni 10.

Basi wakulima wa Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru waliopanda kahawa kwa wingi katika miaka ya 1950 walipanda katika nchi ambayo askari hao walikuwa wamekwisha kupiga kambi. Tulirithi ulinzi bila kujua jina la mlinzi. Na kitu usichokijua ni rahisi kukiharibu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wakisikia habari za nyigu hawa, huwafikiri kama dawa ya aina nyingine. Huuliza, "Mnaleta wangapi? Mnaachilia lini?" Hayo ni maswali mazuri, lakini liko swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: Watakaozaliwa shambani watakuwa majike au madume?

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuanzia jambo ambalo mtoto analijua, kisha kumpeleka kwa lile asilolijua. Basi tuanzie mzingani. Mfuga nyuki anajua ya kuwa malkia hutaga mayai ya namna mbili. Yai lililorutubishwa kwa mbegu ya dume huwa nyuki wa kike. Yai lisilorutubishwa halifi, bali huwa nyuki dume. Nyigu wetu wako vivyo hivyo. Jike akiisha kupandwa, huhifadhi mbegu za dume katika kifuko kidogo ndani ya mwili wake. Yai linapopita, anaweza kuachia mbegu, likawa binti, au kuzuia, likawa mwana wa kiume.

Dume hachomi mdudu, wala hatagi. Kazi yake ni kupanda majike tu, na madume wachache hutosha majike wengi. Kwa hiyo kizazi chenye mabinti wengi ni jeshi linaloongezeka, na kizazi cha madume watupu ni kizazi cha mwisho katika shamba hilo.

Je, mama nyigu huamuaje? Katika aina nyingi huangalia ukubwa wa mdudu. Mdudu ndiyo ghala peke yake ambayo mtoto atakula mpaka awe mzima. Ghala likiwa dogo, mtoto atakuwa mdogo. Sasa mwana wa kiume akiwa mdogo, bado aweza kupanda majike. Lakini binti akiwa mdogo, huwa na mayai machache, na mara nyingi maisha mafupi. Hasara ya udogo ni kubwa zaidi kwa binti. Kwa hiyo mama, kama mzazi mwenye gunia moja na debe moja, humpa binti gunia, na mwana wa kiume debe. Katika mdudu mkubwa hutaga binti, na katika mdudu mdogo hutaga dume.

Jambo hili si hadithi ya kuwalaza watoto. Mwaka 1981 wataalamu walitangaza matokeo ya majaribio ya nyigu aitwaye Lariophagus, ambaye hushambulia mabuu ya fukusi ndani ya punje za nafaka. Alipopewa mabuu makubwa alizaa mabinti wengi, na alipopewa madogo alizaa madume wengi. Tena walionyesha ya kuwa mama hulinganisha: buu la ukubwa wa kati laweza kuhesabiwa dogo au kubwa, kwa kadiri ya yale mengine aliyokutana nayo.

Nyigu wengine hutumia ukubwa kwa njia nyingine. Trichogramma, ambaye hutaga ndani ya mayai ya nondo, hutembea kwanza juu ya yai, na muda wa kutembea humwambia ukubwa wake, kama mtu apimavyo kiwanja kwa hatua. Akiisha kupima, ndipo huamua atage mayai mangapi. Na wale wa jamii ya Cotesia, ambao hutaga mayai mengi ndani ya kiwavi mmoja wa bua la mahindi, kwa kawaida hupata watoto wengi zaidi katika kiwavi mkubwa kuliko katika mdogo. Kwa kila namna, ukubwa wa mdudu mharibifu ni sehemu ya uzazi wa adui wake.

Labda mtu atasema, "Karani, hayo ni mambo ya maabara. Yanamhusu nini mkulima mwenye mibuni mia mbili?" Namjibu kwa kisa cha mihogo, kwa maana ndicho kilichonifungua macho.

Mwaka 1973 kidung'ata wa mihogo, aliyetoka Amerika ya Kusini, alionekana katika nchi za Kongo. Akaenea Afrika haraka, akawaachia watu njaa. Mwaka 1981 nyigu walipatikana huko Paraguay, wakapitishwa Uingereza ili wachunguzwe, kisha wakapelekwa katika taasisi ya kilimo cha nchi za joto, IITA, kule Ibadan. Mwaka huohuo wakaanza kuachiliwa Nigeria. Aliyeongoza kazi hiyo, Bwana Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, wakati alipokuwa mkuu wa ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoko kwetu Nairobi.

Nyigu walioachiliwa kupambana na mdudu yule hawakuwa wa aina moja. Wawili kati yao walikuwa ndugu wa karibu, Anagyrus lopezi na Anagyrus diversicornis. Kwa macho ya kawaida huwezi kujua ni yupi atakayeshinda. Lakini lopezi alienea Afrika na kuwashinda vidung'ata katika nchi nyingi, na diversicornis hakushika. Wataalamu walipochunguza, waliona tofauti kubwa katika jambo hili hili la ukubwa. Lopezi anaweza kutoa mabinti katika vidung'ata walio wadogo kuliko wale anaowataka ndugu yake. Katika wadudu ambao lopezi anapata binti, diversicornis anapata madume. Ndugu mmoja akaongezeka, mwingine akaisha.

Huko California pia kilitokea kisa kama hicho katika mashamba ya machungwa. Nyigu aitwaye Aphytis melinus, aliyeletwa katika miaka ya 1950, alichukua mahali pa ndugu yake Aphytis lingnanensis kwa miaka michache tu. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba melinus hupata mabinti katika magamba madogo ambayo mwenzake huyatagia madume. Visa viwili, mabara mawili, na somo ni moja.

Lakini sehemu ya kisa cha mihogo iliyonigusa zaidi ni hii. Ijapokuwa lopezi alishinda karibu kila mahali, palikuwa na mashamba ambayo vidung'ata waliendelea kuharibu. Wataalamu walipoyatazama, waliona kwamba mengi yalikuwa ya udongo wa mchanga, uliochoka, usio na matandazo. Mihogo ilikuwa dhaifu, na vidung'ata waliokaa juu yake walikuwa wadogo. Katika wadudu wadogo nyigu walizaa madume wengi, na hata mabinti waliopatikana walikuwa wadogo, wenye mayai machache. Shamba lilipotandazwa na kutiwa mbolea, mihogo ilipata nguvu, vidung'ata wakawa wakubwa kidogo, nyigu wakapata mabinti wengi wenye miili mikubwa, na kazi yao ikawa bora.

Soma tena maneno hayo, ndugu msomaji. Samadi iliingia katika udongo, ikaingia katika mti, ikaingia katika mdudu, mwishowe ikatoka ikiwa binti wa nyigu. Sisi tumezoea kuweka habari za udongo katika faili moja na habari za wadudu katika faili nyingine. Nyigu hana habari na mafaili yetu.

Basi maoni yangu ni haya: katika vita vya wadudu, samadi na matandazo yahesabiwe pamoja na silaha, na mkulima afundishwe kutazama na kusubiri kabla hajafundishwa kupuliza. Tukiwaleta nyigu wazuri kutoka nchi yoyote, kisha tukawaachilia katika mashamba yenye njaa na bomba la dawa kila Jumamosi, tumepeleka askari vitani bila chakula, kisha tunawapiga risasi kwa nyuma.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni hii: "Je, karani anataka tunenepeshe wadudu?" La. Mdudu mnene si rafiki, na mamia ya wadudu wanene ni hasara. Mti wenye chakula cha kutosha huvumilia wadudu wachache vizuri kuliko mti wenye njaa, na wachache hao ndio huzaa walinzi wake. Tena nasema samadi kwa kiasi, wala sisemi kumwaga mbolea ya chumvichumvi bila kipimo. Mti uliojazwa naitrojeni kupita kiasi huwa na utomvu laini unaowafurahisha wafyonzaji, nao huongezeka upesi. Kila kitu kina kipimo chake.

Ya pili ni hii: "Mnunuzi hatanisubiri." Hilo ni neno la kweli, hasa kwa wakulima wa kabichi na sukuma wiki. Jani lenye matundu hurudishwa kutoka sokoni, na karo ya mtoto haisubiri nyigu azae. Mimi silipi karo kwa maoni ya gazetini, wala wewe huwezi. Lakini hata katika kabichi tunao msaidizi. Mwaka 2002 ICIPE iliachilia nyigu aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan, kwanza Werugha katika milima ya Taita, kisha Tharuni kule Limuru, ili awapige wale viwavi wadogo wa kijani wanaotoboa kabichi. Alishika, na nondo wa kabichi walipungua katika sehemu hizo. Yeye hupenda baridi ya nyanda za juu kama zetu. Hutaga yai moja katika kiwavi mmoja, na kiwavi huendelea kula kidogo kabla ya kufa. Kwa hiyo anayepuliza dawa kali akiona kiwavi wa kwanza huwaua wote wawili, na mara nyingi nondo ndiye wa kwanza kurudi. Ikiwa viwavi wamezidi na huna budi kupuliza, uliza dawa itokanayo na bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo huua kiwavi aliyekula jani, lakini haimdhuru nyigu anayeruka.

Ya tatu ni ya mtu aliyesoma zaidi yangu. Atasema, "Ukubwa si kila kitu." Ni kweli kabisa. Mwaka 1993 Cotesia flavipes, aliyetoka Pakistani, aliachiliwa pwani kumpiga kiwavi wa bua aitwaye Chilo, akashika vizuri. Lakini huku juu, kiwavi mkuu wa mahindi ni Busseola fusca. Yeye ni mnene vya kutosha, na nyigu yule humtagia bila kusita. Walakini damu ya Busseola huyazunguka mayai na kuyaua. Ghala ni kubwa, lakini mlango umefungwa. Cotesia sesamiae wa upande wa Kitale aweza kukua ndani ya kiwavi huyo, na ndugu yake wa pwani hawezi. Kwa hiyo kwanza nyigu amfae mdudu, kama walivyogundua wale wa mwaka 1935. Kisha ndipo tuulize habari za ukubwa. Maswali haya mawili hufuatana, na la pili ndilo tunalolisahau.

Sasa mkulima afanye nini? Nitataja mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, tazama kabla ya kupuliza. Kata vijiti vichache vyenye vidung'ata kutoka pande mbalimbali za shamba. Ukiona wengi wa kahawia, wagumu, wenye tundu la mviringo, ujue kazi inaendelea. Katika kabichi, fungua kifuko chenye nyuzi chini ya jani. Nondo akiwa ndani utamwona kupitia wavu wake. Ukiona ndani ya wavu huo kifuko kingine kizima, cha mviringo kama pipa dogo, huyo ni nyigu. Mwache.

Pili, weka vijiti hivyo katika chupa ya kioo, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, na uiweke kivulini. Nyigu wazima wakitoka, wape watoto wa shule lenzi wawahesabu. Nyigu wa Anagyrus ni rahisi kutenganisha. Vipapasio vya dume vina vinywele virefu, na vipapasio vya jike vina sehemu nyeusi na nyeupe. Ukiona mabinti wengi, shamba lako lina jeshi. Ukiona madume karibu watupu, anza kuitazama miti yako na udongo wako.

Tatu, wafukuze chungu wanaopanda mibuni. Wao hulamba maji matamu ya vidung'ata na huwalinda kama mchungaji alindavyo ng'ombe, hata nyigu hapati nafasi ya kumchagua mdudu mnene. Pogoa matawi yagusayo ardhi, uondoe majani marefu shinani, ili wasipate daraja.

Nne, tandaza. Mabua ya mahindi, nyasi na majani makavu yanafaa kuliko kuchomwa moto. Anayechoma mabua yake kisha akanunua dawa ya vidung'ata amelipa mara mbili.

Tano, semeni na majirani. Nyigu hajui mpaka wa shamba, na upepo wa dawa vilevile haujui. Wazee wetu husema, "Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ," yaani umoja ndio uinuao kinu. Shamba moja lisilopulizwa katikati ya mashamba kumi yanayopulizwa kila juma ni kisiwa kidogo mno.

Nina neno pia kwa sisi tulio maofisini, nami nalisema nikiwa ndani, si nje. Fomu ninazojaza zina safu ya lita za dawa, safu ya magunia ya mbolea, na safu ya idadi ya wakulima waliohudhuria mafunzo. Hazina safu ya wadudu waliokutwa na matundu, wala ya mabinti wa nyigu. Jambo lisilo na safu halihesabiwi, na lisilohesabiwa halipewi fedha. Natoa shauri kwamba kila siku ya wakulima, iwe Wambugu au penginepo, ianze kwa kutazama tawi kwa lenzi kabla ya kuonyesha bomba. Na kila tunapoletewa habari ya nyigu mpya wa kuachilia, tusiridhike kuuliza ni maelfu mangapi yatakayokuja. Tuulize: Anafaa kwa mdudu wetu? Anahitaji mdudu wa ukubwa gani ili azae binti? Na katika mashamba yetu yaliyochoka, mdudu wa ukubwa huo yupo? Maswali hayo matatu ni bei nafuu kuliko boksi moja la nyigu watakaozaa madume.

Sisemi dawa zote zitupwe. Zipo siku ambazo dawa huokoa mavuno. Nasema tu ya kuwa mtu aliyenyosha mkono kuchukua bomba kabla ya kutazama hajui anamwua nani. Mimi nilinyosha mkono hivyo, na ninayajua malipo yake.

Mama yule wa Mathira hakupewa jina la dawa siku ile. Nilimpa chupa tupu na kipande cha kitambaa, nikamwonyesha namna ya kuifunga. Aliondoka akitikisa kichwa. Baada ya wiki chache alirudi na chupa ile, ndani yake nyigu wadogo wakitembea juu ya kioo. Tukawahesabu pamoja kwa lenzi, yeye akisoma vipapasio upesi kuliko mimi. Majike walikuwa wengi kuliko madume.

Nilichukua fomu ya siku hiyo, nikachora kwa rula safu moja zaidi ukingoni, nikaandika hesabu yake. Mpaka safu hiyo itakapopigwa chapa, nitaendelea kuichora.